Ramani ya ubongo wa nzi imetushangaza, dira yake tumeipita

Kila baada ya miezi michache ile picha hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga: ubongo wa nzi, nyuzi nyekundu, kijani na zambarau zimesukanasukana kama singa za mkonge zilizotiwa rangi. Chini yake maneno huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema wenzetu wana fedha za kuchezea, wamekaa kuchora ubongo wa nzi wakati watu wanakufa kwa malaria. Na wapo wanaosema kazi imekwisha, ubongo umeshanakiliwa kwenye kompyuta na unaofuata ni wa binadamu. Nimezisoma hoja zote mbili mara nyingi, na naona zinakosea mahali pamoja. Zote zinaitazama ramani na kudhani hiyo ndiyo habari. Habari yenyewe, ile inayostahili kuzungumzwa barazani, ni kitu kilichomo ndani ya ramani hiyo: nzi ana dira kichwani, wataalamu wanaijua karibu seli kwa seli inavyofanya kazi, na dira hiyo haisomi tu kinachopita mbele ya macho. Inashika makadirio ya mwelekeo, inayatunza gizani, na inayasahihisha alama inapojitokeza. Anayeielewa dira hiyo hatasema utafiti wa nzi ni mchezo, wala hatasema ubongo umeshanakiliwa.

Tuanze na ramani, maana imesemwa sana vibaya. Oktoba 2024 jarida la Nature lilitoa mfululizo wa makala za mradi wa FlyWire, unaoongozwa na Sebastian Seung na Mala Murthy wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, wakishirikiana na mamia ya watu wa nchi mbalimbali. Walichora ubongo mzima wa nzi jike mmoja aliyekomaa: seli za neva 139,255 na maungio yapatayo milioni 50 yanayopitisha habari kutoka seli hadi seli. Ubongo wenyewe hauzidi mbegu ya mchicha. Ulikatwa vipande zaidi ya 7,000, kila kimoja kikapigwa picha kwa hadubini ya elektroni, kisha kompyuta zikafuata kila uzi kutoka kipande hadi kipande, na watu wakawa wanasahihisha pale mashine zilipounganisha nyuzi zisizohusiana. Nzi mwenyewe si yule wa chooni, wala si yule anayetoboa maembe na machungwa ya Muheza, ambaye ni wa ukoo mwingine kabisa. Ni kile kinzi kidogo chenye macho mekundu kinachozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi na kibuyu cha tembo la mnazi. Jina lake la kitaalamu ni Drosophila melanogaster, na si mgeni kwetu: jenetiki yake inaonyesha asili ya upande wa kusini mwa bara letu, pande za Zambia na Zimbabwe, kabla hajafuatana na binadamu dunia nzima. Alifika maabara za New York mwanzoni mwa karne ya 20, na kwake Thomas Hunt Morgan akaonyesha kuwa urithi unabebwa na kromosomu.

Katikati ya ubongo huo kuna eneo ambalo wadudu kwa ujumla wanalo, awe panzi, nyuki, sisimizi au mbu. Ndani ya eneo hilo, kwa nzi, kuna kiungo cha mviringo chenye tundu katikati, kama kata ambayo mama huiweka kichwani kabla ya kujitwisha ndoo ya maji. Umbo hilo limeonekana kwenye hadubini kwa miongo mingi. Kazi yake ndiyo iliyokuwa fumbo. Mwaka 2015 Johannes Seelig na Vivek Jayaraman, wakifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Janelia huko Virginia, Marekani, walimshikiza nzi kichwa chini ya hadubini huku miguu yake ikiwa huru juu ya kampira kanakoelea hewani, na kumzungushia ukuta wa taa. Akitembea, kampira kanazunguka na mandhari ya taa yanageuka, kana kwamba yuko njiani kweli. Seli za ile kata zilikuwa zimebadilishwa kijenetiki ili ziwake zinapofanya kazi. Walichokiona ni doa moja linalong'aa kwenye duara. Nzi akigeuka, doa linazunguka. Akikamilisha mzunguko, na lenyewe linakamilisha mzunguko. Ukizima taa zote doa halizimiki. Linabaki, na linaendelea kuzunguka kufuatana na miguu. Nzi akisimama gizani, doa nalo linasimama pale pale, likisubiri. Giza likiendelea, kosa dogo linajumlishwa na kosa dogo, na doa linaanza kuteleza kutoka kwenye ukweli.

Mtu wa pwani anapaswa kutua hapa kidogo, maana hilo analijua. Miaka kadhaa nyuma nilirudi usiku kutoka kisiwa cha Yambe kwa mashua ya wavuvi. Ilikuwa kipindi cha kusi. Wingu lilishuka, nyota zikapotea, mvua ikaficha taa za mji. Nahodha hakuwa na dira, na simu ilikuwa imezimwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Nikamuuliza, "Mzee, tunajuaje tunakokwenda?" Akanijibu bila kugeuka: "Upepo bado uko shavu la kushoto, na usukani nimeugusa mara mbili tu." Baada ya muda mwanga wa mnara wa Ulenge ukatokea, kidogo kulia kuliko alivyoutegemea. Akaisogeza omo taratibu na kunyamaza. Wazee wetu waliita majira ule mwelekeo ambao chombo kinashikilia baharini, na majira hayakuwa kitu cha kuonekana. Yalikaa kichwani mwa nahodha, yakitunzwa kwa kuhesabu mageuzo na kuhisi upepo, hadi alama itokee kuyathibitisha au kuyakosoa. Alichokifanya mzee yule usiku ule kimepatikana karibu chote, hatua kwa hatua, ndani ya mbegu ya mchicha.

Kwanza, kwa nini doa ni moja na si mawili? Seli zilizo jirani kwenye duara hutiana nguvu, na seli nyingine hukandamiza zote zilizo mbali. Penye nguvu zaidi pananyamazisha pengine pote. Wanahisabati walipendekeza mpango wa namna hii miaka ya 1990 wakifikiria panya, baada ya James Ranck kugundua mwaka 1984 kwamba panya wana seli zinazowaka kichwa kikielekea upande fulani tu. Kwa panya ilikuwa nadharia juu ya seli zilizotawanyika; kwa nzi duara lipo, unaweza kulishika kwa kidole kwenye picha. Na halikuachwa kuwa dhana. Mwaka 2017 kundi la Janelia liliwasha kwa mwanga doa la pili la bandia upande mwingine wa kata, na la awali likazimika. Mwelekeo haugawanyiki, na seli zenyewe ndizo zinazohakikisha haugawanyiki.

Pili, nani analisukuma? Kuna kundi jingine la seli lenye nusu mbili, moja kwa kila upande wa ubongo. Nyuzi za nusu moja hurudi kwenye duara zikiwa zimesogezwa hatua moja kuelekea mkono huu, na za nusu nyingine hatua moja kuelekea mkono ule. Piga picha ya watu waliokaa mduara wa ngoma, nyuma yao safu mbili za wapokezi: safu moja hupitisha kijiti kulia tu, nyingine kushoto tu. Zikifanya kazi kwa nguvu sawa, kijiti kinabaki palepale. Mwili ukigeuka, safu moja inachangamka kuliko mwenzake, na kijiti kinahama. Maabara ya Gaby Maimon kule New York na ile ya Janelia zilionyesha jambo hili mwaka 2017, kila moja kwa njia yake, na moja ilifanya la maana zaidi: ilizichochea seli hizo kwa makusudi na doa likahama kutoka pale lilipostahili kuwa. Hapo tena huwezi kusema labda ni bahati ya vitu viwili kutokea pamoja. Kinachonistaajabisha hadi leo ni uchache wa wahusika. Seli zinazobeba doa ni makumi, hazifiki mia. Nadharia ya zamani ilitaka umati wa seli ili mwelekeo uhame bila kukwama, na mwaka 2024 wanahisabati wa Janelia wakaonyesha kwamba chache zinatosha, mradi nguvu za maungio yake zimepimwa kwa uangalifu mkubwa.

Tatu ni upepo wa shavuni. Mwaka 2020 maabara ya Rachel Wilson pale Harvard ilionyesha kuwa vipapasio vya nzi, vinavyopinda upepo unapovuma, hupeleka habari kwenye dira ile ile. Na mwaka mmoja kabla, maabara hiyo na ya Janelia zilitoa pamoja jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa habari yote. Nzi hazaliwi akiwa na uhusiano kati ya mandhari na doa. Anajifunza, tena katika muda wa dakika. Kwa nzi mmoja taa ikiwa mbele, doa liko juu ya duara. Kwa nzi mwingine, taa ile ile, doa liko chini. Hakuna kaskazini kichwani mwao. Kila mmoja ana sifuri yake, na maungio yanayoleta habari za macho hudhoofika na kuimarika mpaka mandhari na doa vikubaliane. Wengi huniambia kwamba wadudu wana sumaku. Wapo wanyama wanaohisi usumaku wa dunia, sawa, lakini dira ninayoieleza hapa haihitaji sumaku hata kidogo.

Nahodha anajua pia kwamba omo inaweza kuelekea huku na chombo kikaenda kule. Mkondo unakuburuta ubavuni, nawe usipouhesabu utajikuta Mwambani badala ya bandarini. Nzi anayeruka penye upepo ana tatizo hilo hilo. Mwaka 2022 makundi mawili yalionyesha kwamba ubongo wake unachukua mwelekeo wa kichwa, unachukua namna mandhari yanavyotiririka machoni, na kuvijumlisha kama vekta ambazo mtoto wa kidato cha nne huzihangaikia kwenye hesabu, mpaka apatikane mwelekeo halisi wa safari. Mwaka 2024 likaongezwa tena: zipo seli zinazoshika mwelekeo anaoutaka, na nyingine zinazolinganisha alipoelekea na anapotaka kwenda, kisha kuamuru ageuke kulia au kushoto. Hapo dira imepata usukani.

Sasa turudi kwenye hoja zile mbili. Ile ya fedha inakuja kwa sura mbili, na ni dhuluma kuzichanganya. Sura dhaifu inasema nzi ni nzi, binadamu ni binadamu, hivyo hakuna cha kujifunza. Sielewi mtu anaishije Tanga na kusema hivyo. Ni katika mji huu ambapo mbung'o walifugwa kwa mamilioni katika taasisi ya utafiti wa mbung'o na malale, madume wakafanywa tasa kwa mionzi, wakasafirishwa na kudondoshwa kwa ndege juu ya misitu ya Unguja. Madume tasa waliwapanda majike, majike hawakuzaa, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o tena. Ng'ombe wa Unguja waliokuwa wakidhoofika kwa nagana wanajua, kama ng'ombe anaweza kujua, thamani ya kumchunguza mdudu kwa undani. Kazi ile isingewezekana bila watu waliotumia miaka mingi kujua jike wa mbung'o anapandwa mara ngapi na anazaaje. Kabla haijafanikiwa, maswali hayo yalionekana ya kipuuzi kama yanavyoonekana leo maswali ya doa linalozunguka kwenye kata.

Nzige nao wana somo. Mwaka 2020 walivamia Kenya, Ethiopia na Somalia, na mapema 2021 makundi yakaingia kaskazini mwa nchi yetu. Huyo nzige wa jangwani amekuwa mnyama muhimu wa utafiti wa dira tangu kabla ya nzi: mwaka 2007 Stanley Heinze na Uwe Homberg, Wajerumani, walionyesha kwamba seli katika eneo la kati la ubongo wake zimepangwa kufuata pembe za mwanga wa anga uliochujwa, ule ambao macho yetu hayautofautishi na mwanga wa kawaida lakini ya mdudu yanautofautisha hata jua likiwa nyuma ya wingu. Na mwaka 2025 kundi la Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, lililokwenda hadi Kenya wakati wa uvamizi, lilichapisha kwenye jarida la Science kwamba tunutu hawatembei pamoja kwa kuiga tu mwelekeo wa wenzao, kama ilivyofundishwa kwa muda mrefu. Kila mmoja huwatazama wenzake kama malengo ya kufuatwa, na uamuzi wake unaelezeka vizuri kwa mtandao wa duara wa aina hii hii. Anayetaka kubashiri kundi litaelekea wapi kesho hawezi kudharau kinachotokea kichwani mwa mmoja.

Sura yenye nguvu ya hoja ya fedha ni nyingine, nami naikubali kwa kiasi kikubwa. Inasema: hata kama maarifa haya ni ya kweli na mazuri, hayajamponya mtu yeyote Korogwe au Pangani, na nchi yenye wahitaji wengi lazima ipange vipaumbele. Sitaahidi kwamba dira ya nzi itamzuia mbu asifike kitandani, ingawa mbu naye ana eneo hilo la ubongo. Sitaahidi pia dawa ya ugonjwa wa kusahau, ingawa ni kweli kwamba kwa wenye Alzheimer eneo la ubongo linalohusika na kujua mahali ni miongoni mwa yanayoshambuliwa mapema, na kwamba mzee anayepotea njia ya kurudi nyumbani kutoka soko la Ngamiani amepoteza kitu kinachofanana sana na doa lile. Ninachosema ni kwamba hoja hii inahusu nani alipe na kwa kiwango gani. Haisemi chochote juu ya kama jambo lenyewe lafaa kujulikana. Na ramani ya FlyWire imeshalipiwa na wengine na kuwekwa wazi kwenye intaneti, bure. Mjadala wa fedha hauwezi kuwa sababu ya sisi kutoisoma.

Hoja ya pili, ya ubongo kunakiliwa, inahitaji mizani ya uangalifu zaidi kwa sababu ina ushahidi wake. Katika mfululizo ule ule wa Oktoba 2024, Philip Shiu na wenzake walichukua ramani, wakaitengenezea mfano wa kompyuta wenye kanuni moja nyepesi kwa seli zote, wakachochea seli zinazoonja sukari, na mfano ukataja ni seli zipi zitakazomfanya nzi atoe mrija wake anywe. Walipojaribu kwa nzi walio hai, utabiri ulikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Hilo si jambo dogo, na asiyelitaja anapotosha. Lakini tazama ni kazi gani iliyotabiriwa: sukari inaingia, mrija unatoka. Dira haiko hivyo. Ukiniletea ramani ya nzi yule jike, kila uzi mahali pake, siwezi kukwambia alikuwa ameelekea wapi alipokufa. Doa lake lilikuwa umeme na kemikali, vikazimika. Wala ramani haisemi mandhari ya mahali alipoishi yalifungwa wapi kwenye duara lake, kwa sababu kifungo hicho kilikuwa katika nguvu za maungio zilizokuwa zikibadilika kila dakika. Tunao mfano wa zamani wa kutufundisha subira. Mwaka 1986 John White, Sydney Brenner na wenzao walichapisha kule Uingereza ramani ya neva zote 302 za mnyoo mdogo, C. elegans. Karibu miaka 40 imepita, wataalamu mahiri wapo juu yake, na bado hakuna mfano wa kompyuta unaoishi kama mnyoo yule anavyoishi. Tatizo halikuwa upungufu wa nyuzi.

Wala simaanishi kwamba ramani haina kazi. Mwaka 2021 kundi la Janelia liliposoma ramani ya awali, ile ya sehemu ya ubongo yenye seli zipatazo 25,000, lilionyesha ni seli zipi zimekaa mahali pa kulinganisha mwelekeo na lengo. Majaribio ya 2024 yakaenda moja kwa moja kwenye seli hizo. Ramani iliwaonyesha pa kuchimba. Lakini swali la kuchimbua lilitoka kwingine: kwa nadharia ya panya, na kwa miaka ya kuwatazama wadudu wakitembea. Mwaka 2006 watafiti walirefusha miguu ya sisimizi wa jangwani kwa nywele ngumu za nguruwe, wakaona wanapita kiota chao kwa sababu wanahesabu hatua. Mwaka 2013 Marie Dacke na wenzake walimchukua yule dundu anayeviringisha mpira wa mavi hadi ukumbi wa nyota wa Johannesburg, wakaonyesha kwamba mkanda wa Njia ya Maziwa unamtosha kushika mstari ulionyooka, na akivalishwa kikofia asione anga anatangatanga. Asiyejua kwamba mdudu anahitaji dira, angeitazama kata ile kwenye ramani miaka mia asijue ni ya nini.

Kinachofuata kutokana na haya yote, kwa maoni yangu, kinatugusa zaidi darasani kuliko kwenye bajeti. Tunamfundisha mtoto kwamba mdudu ana kichwa, kifua na tumbo, miguu sita, na kwamba mambo yake ni silika, anachochewa na anajibu. Neno silika limekuwa kifuniko tunachokiweka juu ya chungu tusichotaka kukifunua. Nzi aliyesimama gizani huku doa limetulia mahali pake hajibu chochote, maana hakuna kilichomchochea. Anashikilia. Sitaki kusema anafikiri kama wewe na mimi. Huko ni kuruka mto pasipo daraja. Lakini mwalimu anayesema mdudu ni mashine ya kujibu tu anafundisha jambo ambalo limeshapitwa. Watoto wa Tanga wanaokua wakisikia habari za majira, kusi na mkondo wana bahati, kwa sababu maneno ya kuielewa dira ya nzi wameshayanyonya nyumbani. Ni rahisi kumweleza mtoto wa mvuvi wa pale Deep Sea, hapa Tanga, namna doa linavyoteleza gizani kuliko kumweleza mtoto aliyekulia kwenye mji ambao simu ndiyo inayojua njia.

Vifaa navyo si kisingizio kama inavyodhaniwa. Mtandao wa DrosAfrica umekuwa ukiendesha warsha Uganda na kwingineko barani kwa imani hiyo hiyo, kwamba kinzi cha ndizi kinafugika kwa chupa, unga wa mahindi, hamira na sukari. Kompyuta ya kawaida yenye intaneti inafungua ramani ya seli 139,255 na kukuonyesha kata ile ikizunguka mbele yako.

Na kabla ya kompyuta lipo jaribio la mwaka 1911. Felix Santschi, daktari wa Uswisi aliyekuwa akitibu watu Kairouan, Tunisia, aliwakingia jua sisimizi waliokuwa wakirudi kiotani, kisha akaliakisi kwa kioo kutoka upande wa pili. Wakageuka. Mwalimu yeyote wa Raskazone au Chumbageni anaweza kulirudia na darasa lake saa mbili asubuhi, jua likiwa bado chini. Achague sisimizi anayetembea peke yake kwenye uwanja mweupe wa mchanga, si wale walio kwenye msafara, maana hao wanafuata harufu. Ampe kipande cha samaki mkavu na angoje aanze kurudi. Mwanafunzi mmoja ashike ubao wa kukinga jua, mwingine kioo cha kunyolea, wa tatu achore kwa kijiti njia ya mdudu mchangani. Wengine wahesabu ni wangapi waligeuka na ni wangapi walikataa, na wale waliokataa waandikwe kwa makini zaidi.